Gemu za wanyama na sayansi kwa watoto: venye mimi huzipanga kwa simu moja na bando kidogo

Nianze na kosa langu ndio msilirudie. Mwaka jana likizo ya Agosti nilimpakulia kijana wangu, wakati huo ako PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea), gemu ya wanyama, ile ya picha kubwa kubwa, unagusa ng'ombe analia, unagusa simba ananguruma, nikaona sawa, mtoto anajifunza, nikaenda zangu kufua. Kurudi napata amegusa tangazo, tangazo limempeleka ukurasa mwingine, huko nako amegusa kitufe cha kijani (watoto na vitufe vya kijani jamani!), na kuanzia siku hiyo nikawa nakatwa shilingi 10 kila siku ya huduma ambayo sijawahi kuiomba wala kuiona. Nilikuja kushtuka baada ya kama wiki 2, nikijiuliza mbona salio halikai. Na kilichoniuma si hata hiyo pesa. Nilimuuliza kijana, simba anakula nini? Akaniambia, "Nyota." Manake kwa hiyo gemu kila ukimgusa simba unapewa nyota, na yeye alikuwa ameshika hilo tu.

Basi tangu hapo nimekuwa mkali, na nimejaribu nyingi sana mpaka majirani hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, wakawa wananiuliza nimeweka gani kwa simu. Niko na watoto 2, huyo kijana ambaye sasa ako Gredi ya 1 na dada yake wa Gredi ya 5, simu ni moja yangu, na kuna laptopu nzee ya kazini ambayo betri ilishakufa lazima ikae kwa stima. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu wa bando ya kuhesabu, si ya mtu ako na waifai ya fiba mchana na usiku.

Kitu cha kwanza, kabla hujampa mtoto gemu yoyote icheze wewe mwenyewe dakika 10, na uzime data kabisa ukicheza. Ikikataa kufunguka bila data jiulize inataka data ya nini, kuna zenye sababu ya maana lakini nyingi ni matangazo tu yanatafuta njia. Halafu ukicheza kosea makusudi. Hapa ndio mimi huamua. Kama ukikosea unaona alama nyekundu na swali linalofuata, hiyo ni mtihani umepakwa rangi, mtoto atabahatisha mpaka apite na hatajua kwa nini amepita. Lakini kama ukibadilisha kitu na kitu kingine kinabadilika mbele yako, ukiongeza betri taa inang'aa zaidi, ukiondoa chakula sungura wanapungua, hapo kuna sayansi ndani hata kama picha si za kupendeza sana. Kujua jina la mnyama ni vizuri, sikatai, lakini mtoto wa Nairobi anajua jina la twiga kabla hajajua la shangazi yake, kwa hivyo gemu ya majina peke yake unamlisha kitu ameshiba.

Nyingine nazifuta bila kesi. Yenye watu wasiojulikana wanaweza kumwandikia mtoto, futa. Yenye inampa zawadi akirudi kila siku na kumwambia ukikosa leo unapoteza, futa, hiyo ni kamari ya watoto. Yenye inaomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, sasa gemu ya kulinganisha ndovu na kivuli chake inataka kujua ninaishi wapi ya nini? Na ikiomba jina la mtoto, shule na picha bila hata kukuuliza wewe mzazi, jua Kenya tuko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na inasema data ya mtoto haichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo si ukali wako, ni sheria.

Sasa simu yenyewe. Ingia Play Store, kwa mipangilio, uweke kwamba kila kununua kitu lazima pasiwadi, na kama kuna njia ya malipo imeunganishwa na salio au kadi yako iondoe. Watoto wakishika simu weka hali ya ndege. Halafu kuna kitu kwa Android kinakuwezesha kubana programu moja kwa skrini, mtoto hawezi kutoka humo mpaka uweke namba yako ya siri, kiko kwenye mipangilio ya usalama, ukikiwasha ni sekunde 2 tu kila mara. Mimi hicho ndicho kilinipa amani, manake kijana alikuwa anatoka kwa gemu anaingia WhatsApp anamtumia boss wangu sauti za mbuzi. Kama mtoto ako na tableti yake, Family Link ya Google ni ya bure, hapakui kitu bila wewe kukubali na unaweka saa za kulala.

Haya, twende kwa gemu zenyewe.

Ile ninaipenda kuliko zote inaitwa PhET. Imetoka University of Colorado Boulder huko Marekani, aliianzisha Carl Wieman mwaka wa 2002, mwanafizikia ambaye 2001 alikuwa ameshinda Nobel, na ni ya bure, hakuna matangazo, mtoto hahitaji akaunti. Si gemu ya kupiga risasi na kuruka, ni kama umepewa maabara ya kuchezea, ukiharibu hakuna anayekugombeza. Uzuri wake kwa sisi wa bando ni kwamba unaenda tovuti yao mara moja, unachagua zile unazitaka, kila moja unaipakua kama faili moja ya MB chache, na baada ya hapo inafunguka bila data milele. Hapo kuna mahali watu hukwama: ukigusa hiyo faili simu inaweza kuifungua na kisomaji chake chenyewe unaona tu ukurasa mweupe, usiifute ukidhani ni mbovu, ifungue tena lakini uchague Chrome. Na kwa sehemu ya tafsiri angalia kama hiyo unayotaka iko kwa Kiswahili, baadhi ziko.

Anzia ile ya umeme. Kuna betri, nyaya, balbu, swichi, unaunganisha kwa kidole. Ukichukua waya ukatoa upande mmoja wa betri moja kwa moja mpaka upande wa pili bila kitu katikati, betri inawaka moto kwa skrini, na hapo ndio mtoto anaelewa ile "shoti" ambayo fundi wa stima husema kila akija. Kisha kuna vitu vya kawaida unaweza kuviingiza katikati ya waya uone kama umeme utapita: sarafu, kifutio, klipu ya karatasi, noti, penseli, hata mkono wa mtu na mbwa. Mimi huwa simruhusu msichana wangu aguse kabla hajaniambia itatokea nini na kwa nini. Sarafu alisema itawaka, ikawaka. Kifutio hapana, kweli hapana. Penseli akasema hapana, "si ni mbao mama," halafu taa ikawaka, hafifu lakini ikawaka, akaniangalia kama nimemchezea shere. Tukachukua penseli yake tukaivunja (samahani mwalimu), nikamwonyesha ule msumari mweusi wa katikati, si risasi vile tunaita, ni grafaiti, aina ya kaboni, na hiyo inapitisha umeme. Hiyo penseli moja imenifundishia kuliko kurasa 10. Ila usisahau kumwambia, tena mara nyingi, ya kwa skrini ni ya kwa skrini, soketi ya ukutani hatuijaribu na chochote.

Ya wanyama humo ndani ni ile ya sungura. Unaanza na sungura mmoja mweupe, unamwongezea mwenzake, wanaanza kuzaana. Usipoweka kitu cha kuwazuia wanajaa na kujaa mpaka inatokea ujumbe kwamba sungura wameteka dunia yote, na kijana wangu hupenda hapo sana, anarudia hata mara 5 bila kujifunza kitu kingine, mwache tu. Ya dada yake ni hii: weka kwamba wengine wazaliwe na manyoya ya kahawia, chagua mazingira ya ikweta ambako ardhi ni ya kahawia, halafu leta mbwa mwitu. Weupe wanaonekana haraka wanaliwa, wa kahawia wanabaki wanazaa wa kahawia. Badilisha uende mazingira ya barafu, mambo yanageuka, sasa wa kahawia ndio wanaliwa. Muulize sasa, sungura wamekuwaje kahawia? Karibu kila mtoto (na watu wazima, nimejaribu kwa chama) atakuambia waliamua kubadilika ili wajifiche. Hapana. Hakuna sungura amebadilika hata mmoja, aliyezaliwa mweupe alikufa mweupe, ni vile tu hakupata muda wa kuzaa. Rudia gemu polepole mkifuata sungura mmoja kwa macho mpaka alione mwenyewe. Mkifika hapo mmefika mbali, hiyo ni hoja ambayo wanafunzi wa sekondari huikosea.

Kuna ya kuvuta kamba, timu nyekundu na bluu, ya kufundisha nguvu, hiyo ni ya wadogo na haihitaji maelezo. Kuna ya taa za rangi, nyekundu, kijani na bluu, ukiwasha nyekundu na kijani pamoja mtu aliye kwa picha anaona manjano, msichana wangu alikataa kabisa kwa sababu kwa rangi za maji nyekundu na kijani huwa matope, tulibishana jioni nzima. Mwanga si rangi za maji. Mpe muda akatae.

Ya pili kwangu si gemu hata, lakini watoto wanaichukua kama gemu: Snapshot Serengeti. Watafiti waliweka kamera 225 huko Serengeti, za kujipiga zenyewe kitu cha joto kikipita mbele, zikapiga picha mpaka wakashindwa kuzitazama zote, kwa hiyo 2012 waliziweka kwa tovuti ya Zooniverse mtu yeyote asaidie kusema ni mnyama gani. Unaletewa picha, unasema ni nani, wangapi, wanafanya nini, wamelala, wamesimama, wanatembea, wanakula, na kama kuna watoto. Picha moja huonyeshwa watu wengi ndio jibu la mmoja likikosea lisiharibu kazi. Huhitaji akaunti. Hii inakula data kwa sababu ni picha, kwa hiyo mimi huiweka siku tuko kwa mtu mwenye waifai, nusu saa inatosha. Na ukikuta mradi mmoja umeisha picha ndani ya Zooniverse kuna mingine ya wanyama kama huo.

Sababu ya kuipenda: mtoto akikwama haambiwi jibu, anaambiwa achague sifa. Pembe zimejipinda au zimenyooka, ngozi ni ya mistari au ya madoa, mkia uko vipi, umbo ni kama la ng'ombe au kama la paka, na kila akichagua orodha inapungua mpaka wanabaki wachache. Hivyo ndivyo mwanabiolojia anafanya kazi kweli, na ndiyo ile kugawa wanyama kwa vikundi wanafanya kwa Sayansi na Teknolojia shuleni, isipokuwa hapa kuna mnyama halisi amegeuza mgongo, ni usiku, na unaona makalio tu. Nyingi ni nyasi tupu manake hata upepo na jua hudanganya kamera. Waambie mapema, "hakuna kitu" pia ni jibu, na ni jibu la maana kwa mtafiti.

Hapo ndio Kiswahili kinaingia, na hapa niwaombe wazazi wenzangu tusione haya. Majina yote kwa hiyo tovuti ni ya Kizungu, na sisi hapa mjini kila kitu chenye pembe nyembamba tunaita swala tukimaliza hapo. Kumbe lugha iko na kila mmoja wao. Mwenye mstari mweusi mnene ubavuni ni swala tomi. Mkubwa kidogo, yule weupe wa makalioni unapanda mpaka juu ya mkia, huyo ni swala granti. Kuna swala pala, kuna kongoni mwenye uso mrefu kama amepewa habari mbaya, nyamera, pofu, kuro, tohe, digidigi mdogo kama sungura aliyerefuka miguu. Na zile za usiku sasa, nyegere, mhanga, nungunungu, fungo, mondo, wanyama ambao ukienda mbugani na gari mchana unaweza kurudi nyumbani bila kuwaona hata mara moja. Tuliandika daftari, upande mmoja jina la tovuti upande wa pili letu, na msichana alienda shule akamwambia mwalimu hiyo si swala mwalimu, ni kuro. Nilipigiwa simu, lakini ya vizuri.

Kwa wadogo kama kijana wangu, GCompris. Hii iko tangu 2000, ni ya bure kabisa, haina matangazo, ni ya miaka 2 mpaka 10, ukishapakua hufanya kazi bila intaneti. Ipakue kwa waifai manake ni nzito kidogo. Ina vitu vingi mpaka unachoka, kuhesabu, herufi, chesi hata, lakini za kwetu leo ni za wanyama wa shamba na wa dunia, na ile moja ya mzunguko wa maji. Humo kuna pengwini anatoka kuvua samaki anataka kuoga, lakini maji hayako, na mtoto ndiye anapaswa kuyaleta: agonge jua lipande, maji yageuke mvuke, wingu lijae, mvua inyeshe, halafu awashe pampu ya kusafisha, mwisho pengwini anaoga. Kwa mtoto wa Umoja hii haihitaji utangulizi, maji yakikatika Jumatano anajua uchungu wa pengwini. Mimi hapo nilichukua karatasi tukachora ya kwetu, mvua ya Aberdare, bwawa la Ndakaini kule Murang'a ambako maji mengi ya Nairobi hutoka, mabomba, tangi la ploti, mpaka jerikeni mlangoni. Aliuliza swali moja tu, kama mvua imenyesha mbona mferejini hakuna. Hilo sikuwa na jibu la sayansi.

Seek nitaisema haraka. Ni programu ya kamera imetengenezwa na watu wa iNaturalist, unaelekeza kwa mmea au mdudu inakuambia ni nani, haiombi mtoto akaunti, na mtoto anapata beji. Uzuri ni kwamba isipokuwa na uhakika haidanganyi, inabaki kusema tu hii ni jamii ya buibui, mtoto asogee apige vizuri. Tuliipiga jakaranda ya barabarani tukapata kwamba si mti wetu hata, asili yake ni Amerika Kusini. Msimu wa mvua mpeleke atafute yule mdudu mweusi na mwekundu anayeitwa Nairobi fly, lakini macho tu. Si nzi hata, ni jamii ya mbawakawa, haumi wala hana mwiba, sumu iko ndani ya mwili wake, ukimponda kwa ngozi ndio unaamka na lile jeraha la kuungua. Akikutulia unampuliza, ukiwa umemponda tayari unaosha na sabuni upesi kabla hujagusa macho. Hiyo peke yake inalipa bei ya programu ambayo ni bure.

Mtoto akifika kama Gredi ya 4 hivi na kuna kompyuta nyumbani, mtoe kwa kucheza gemu za wengine aanze kutengeneza zake. Scratch, ya MIT, iko tangu 2007, vipande vya amri unavipanga kama matofali, na ukigusa alama ya lugha Kiswahili kiko humo. Unaweza kuipakua ikakaa kwa kompyuta bila intaneti. Sisi tulitengeneza duma na swala tomi. Msichana aliweka duma kasi kubwa kuliko swala, kwa hivyo kila mara duma anashinda, baada ya mara 10 gemu ikamchosha, nikamwambia basi kama ni hivyo kule mbugani swala wangekuwa wameisha. Tukasoma kidogo: duma anaweza kufika karibu kilomita 100 kwa saa lakini hawezi kuendelea hivyo hata dakika nzima, anachoka anaacha. Akaongeza kitu kinaitwa nguvu, kinapungua kila duma akikimbia, kikifika 0 anasimama. Sasa swala wakati mwingine anapona. Ilituchukua Jumamosi 3 na stima ilikatika mara 2 kabla hajahifadhi kazi, kwa hiyo mfundishe kuhifadhi kwanza kabla ya duma.

Venye unakaa naye ni muhimu kama gemu yenyewe. Mimi huwa nina maneno 2 tu: "kabla hujagusa, bashiri," na baadaye, "nieleze mimi sijaona." Basi. Usimpe jibu hata ukilijua, na kama hulijui sema hulijui, watoto wanapenda sana hiyo. Wakiwa wawili mpe mmoja kushika na mwingine kuamua, wabadilishane, la sivyo mkubwa anamaliza gemu na mdogo anamaliza machozi. Muda, Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 watoto wa miaka 2 mpaka 4 wasizidi saa 1 ya skrini kwa siku na ikipungua ni afadhali, na chini ya mwaka 1 kabisa hapana. Wangu wamepita umri huo lakini nawapa dakika 25 mkononi, saa ya jikoni ikilia ni ikilia. Kununa ni dakika 5, nimehesabu.

Na sahihisha gemu zinapokosea, manake hata nzuri hukosea. Nyingi zinamweka chui milia pamoja na simba na twiga kwa msitu mmoja, huyo mnyama ni wa Asia, hapa hayuko. Zinamweka pengwini na dubu wa barafu wakicheza pamoja, mmoja ni wa kusini mwingine wa kaskazini kabisa, hawajawahi kuonana, halafu waambie watoto kwamba kuna pengwini Afrika, kule Afrika Kusini na Namibia, bila barafu yoyote, uone sura zao. Duma na chui ndio vita ya kila nyumba: angalia uso, duma ana mistari 2 myeusi kama amelia machozi kutoka macho mpaka mdomo, na madoa yake ni doa moja moja limejaa, ya chui ni kama maua yenye tundu katikati.

Kisha mtoe nje, tuko mji ambao una mbuga mlangoni, Nairobi National Park, kilomita mraba 117, tangu 1946, wengi wetu tunaiona tu tukiwa kwa treni ya kwenda Mombasa. Ukiwa na pesa ya kiingilio nenda, ila mwambie mapema ndovu wa kuzurura humo hawako ndio asilie. Kama pesa ni kidogo kuna Snake Park pale Museum, kuna msitu wa Karura na kima wake, na kama hakuna kabisa kuna yale makorongo, ndege wakubwa wa mifuko shingoni, juu ya miti ya Nyayo Stadium, ambayo ni bure na yako kila siku.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekwama pale kwa jamu, ndani ya mathree ya Rongai tukienda kwa bibi yao, na kijana akaanza peke yake bila kuambiwa, kidole kwa dirisha: ni korongo, wako 14, wamesimama, watoto hakuna. Makanga akainama akaangalia naye, akasema wako 15, kuna mmoja nyuma ya bango. Wakabishana mpaka gari ikasonga.